Kadi za kuzama: shajara ya mradi, Kikuyu, Dodoma

Desemba 27

Mradi huu umezaliwa na aibu. Nilikuwa nasahihisha mazoezi ya watoto wangu wa tuisheni, nikakuta binti mmoja wa Kidato cha Pili kaandika: "My mother was submerged by dust." Nikacheka peke yangu kibarazani. Halafu nikafunua kurasa za nyuma za daftari lake kutafuta alikolitoa, kicheko kikaniishia. Ukurasa mzima, kwa mwandiko safi, ni kile nilichoandika mimi ubaoni: cover, submerge, engulf, inundate, swamp, overwhelm. Mbele ya maneno yote sita nimechora mabano moja kubwa na kuandika neno moja, kufunika. Mama kafunikwa na vumbi, submerge ni kufunika, basi. Hesabu ya mtoto haina kosa. Kosa liko ubaoni.

Basi likizo hii natengeneza kadi. Nimejiwekea arobaini. Mbele neno la Kiingereza, mchoro na sentensi. Nyuma Kiswahili chake, na si kile cha kamusi tu, bali vile mtu wa hapa angesema akiwa sokoni Majengo au ndani ya daladala. Walengwa hasa ni wale wa Kidato cha Kwanza. Miaka yote ya shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, na Januari hii wanaingia darasa ambamo jiografia, baiolojia na hisabati zinakuja kwa Kiingereza, zote kwa mpigo. Wakisema wamezama nawaamini.

Desemba 29

Siku nzima imeishia kwenye kupanga. Nimepanga kwa alfabeti, hakuna kilichoeleweka. Nimepanga kwa ukali, kutoka dogo hadi kubwa, nako nikakwama, maana "engulf" si "swamp" iliyovimba.

Jibu nimelikuta kwenye beseni la vyombo. Sahani iliyo chini ya maji ya beseni ni "submerged", hata kama maji yametulia zake na ni mimi niliyeitumbukiza. Lakini hakuna Mwingereza atakayesema sahani ile ni "flooded" wala "inundated". Sasa bomba likisahauliwa wazi, maji yakatapakaa sakafuni mpaka mlangoni, jiko ni "flooded", na wala hakuna kilichozama. Yamenifika vidole vya miguu tu. Kumbe "submerge" inaangalia jambo moja: uso wa maji uko juu yako au chini yako. "Flood" na "inundate" zinaangalia safari: maji yameacha kwao yamekuja kwako.

Kwa hiyo kila neno nitaliuliza: kinachofunika ni kitu gani, kimekujaje, na aliyefunikwa bado anaonekana? Kiswahili kinauliza hivyo hivyo kila siku bila sisi kujua. Kilicho chini ya udongo kimefukiwa. Mawingu yametanda, mlima umegubikwa na ukungu, nyumba imemezwa na moto, gari limedidimia, mtu katopea kwenye madeni. Nani amewahi kusema mlima umefukiwa na ukungu? Nilikuwa na maneno yote hayo mdomoni, nikawapa watoto moja.

Kadi ya kwanza iliyokamilika ni "inundate". Nimechukua mfano wa reli ya kati, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalipoiharibu kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yalikuja, bonde likajaa, tuta la reli likaondoka. Mtoto wa Dodoma haelezwi mara mbili.

Desemba 31

Leo nimechimba asili za maneno, kazi niipendayo hata pale isipohitajika.

"Inundate" ndani yake mna "unda", neno la Kilatini la wimbi. Ndiyo maana ofisi iliyopokea barua na simu nyingi husemwa ni "inundated": hazikuja zikakaa, zimekuja wimbi juu ya wimbi. Wimbi hilo hilo limo kwenye "abundant", kinachofurika, na kwenye "redundant", kilichofurika mpaka hakihitajiki tena. Lililonishtua ni "surround". Siku zote nimewafundisha kwamba ni kuzunguka, nikawaonyesha na "round" ilivyojificha ndani yake, nikajiona mjanja. Sivyo. Neno lilianza na maana ya kufurika, kutoka Kilatini "superundare", wimbi kupanda juu na kumwagika, likapitia Kifaransa cha kale. "Round" imelivuta baadaye kwa kufanana sauti tu. Wenye lugha nao walidanganywa na masikio yao, imenipa faraja kidogo.

"Submerge" ana ndugu yake "emerge", kuibuka, na huyo ana mtoto anayeitwa "emergency", jambo lililoibuka bila hodi. Kwa aliyepita Mtera hili halihitaji maelezo. Barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita juu ya bwawa, na ukiangalia majini unaona magogo ya miti iliyokufa yamesimama wima, miti iliyokuwa nchi kavu kabla maji hayajazuiwa. Maji yakiwa mengi unaona ncha tu. Ukame ukikaza yanaibuka mpaka kiunoni. Kadi tatu kwenye dirisha moja la basi.

"Deluge" sikuhangaika nayo. Gharika. Awe wa kanisani au wa msikitini, Nuhu wanamjua.

Januari 2

Duka la stationeri bado limefungwa. Nimepata manila mbili za njano kwa jirani, zilibaki kwenye sherehe. Hakuna zaidi.

Januari 5

Nimerudi kutoka Bahi kwa mjomba. Nilikwenda kwa ajili ya "swamp", nimerudi na "drench".

Swamp kwanza. Kiangazi, mbuga ya Bahi ni tambarare iliyopasuka. Mvua zikishuka, mto Bubu unaleta maji na pale pale panakuwa kinamasi, watu wanapanda mpunga. Nilidhani kitenzi "swamp" kinatokana na picha hiyo ya kukwama kwenye tope. Lakini mabaharia walikitumia hasa kwa chombo: mtumbwi unapoingiwa na maji mengi kuliko mnavyoweza kuyachota na kuyatupa nje. Kwa hiyo anayesema "I'm swamped" hajazama bado. Ana kopo mkononi, anachota, na maji yanaingia kwa kasi kuliko kopo. Hapo Kiswahili cha ofisini kinatosha kabisa: nimetingwa.

Sasa drench. Mjomba alikuwa ananywesha ng'ombe dawa ya minyoo. Kijana kashika pembe, kichwa kimeinuliwa kidogo tu, mjomba anapitisha shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, pale pasipo na meno, anamimina kidogo, anasubiri koo limeze, anamimina tena. Ulimi wa ng'ombe unaisukuma chupa, dawa nyeupe inachuruzika kidevuni. "Ukimwaga kwa pupa inaingia mapafuni," akasema, "unamwua mwenyewe na pesa umelipa." Nikaokota kopo la dawa chini. Kwenye lebo, kwa Kiingereza: oral drench.

"We mwalimu, hilo kopo unalisoma au unaliombea?"

"Mjomba, hapa wameandika kulowesha."

"Walowesha nini? Hiyo ni ya kunywesha."

Naye hakukosea. "Drench" asili yake ni kunywesha. Ni "drink" iliyobadilishwa irabu, na maana ya mvua ilikuja nyuma. Yaani Kiingereza cha kale kilikuwa na kauli ya kutendesha kama yetu, ila badala ya kuongeza -sha mwishoni walibadili sauti ya katikati, na mabaki yake yamo bado mdomoni mwao: "fall" na "fell", kuanguka na kuangusha mti, "sit" na "set", kukaa na kukalisha, "lie" na "lay", kulala na kulaza. Nimekaa kwenye gogo la zizi nikataka kulia. Miaka yote nawakaririsha watoto jedwali la "lie" na "lay", wanachanganya, nawafokea, kumbe ningesema kulala na kulaza tungekuwa tumeshamaliza na kwenda nyumbani.

Kadi ya drench: mchoro wa ng'ombe na chupa. Mvua iko upande wa nyuma.

Januari 8

Mvua nayo imekuja kudai nafasi yake. Bati la kibarazani lina tundu la msumari ambalo fundi wa mwaka juzi aliapa ameliziba. Kadi kumi na nne zilikuwa mezani. Zile nilizoandika kwa maka peni, maandishi yamepona, manila ndiyo imejikunja kama chapati. Zile nilizopaka kwa kalamu za rangi za watoto ni msiba: bluu ya "flood" imetambaa polepole mpaka kadi ya jirani, na sasa nyumba inayoungua ya "engulf" imepata ziwa ambalo sikulichora. Ni tone moja moja tu, usiku kucha.

Nikiwa nazikung'uta nikajikuta naamua kesi niliyokuwa naikwepa. Hii si "drench". Hii ni "soak": maji kidogo, muda mrefu, mpaka ndani. Maharage huloweka jioni ukapika kesho. Mtu aliyenyeshewa kituo cha basi kwa dakika tano kalowa chapachapa, huyo ni "drenched". Kadi zangu zimetota, zi "soaked". Nimeandika hivyo hivyo kwenye kadi mbili mpya, na doa la bluu nimeliacha kwenye engulf.

Nimezianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Zinasomeka vizuri kuliko zikiwa mezani, watoto wanaotumwa dukani wanasimama chini yake midomo inatembea. Zitabaki hapo.

"Bury" nimeipa Kondoa. Makorongo yalivyokula vilima, mchanga ukateremka ukafukia mashamba ya bondeni, mpaka mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Sentensi ya kadi ni fupi: sand buried the fields. Ina uzito wa kutosha.

Januari 11

Watoto wanne wamekuja kujaribu kadi. Maneno wameyachagua vizuri, shida imehamia kwenye kineno ambacho sikukiwekea hata kadi: na. Sisi "na" moja inabeba kila mzigo. Nimezidiwa na kazi, barabara imefunikwa na mchanga, nyumba imemezwa na moto. Wao wamegawa: swamped with work, covered in dust, submerged under water, drowning in debt, destroyed by fire. Mtoto anayefikiri "na" ataweka "by" kila mahali, na ndiyo "submerged by dust" ilikotoka nusu yake.

Nimejaribu kuwapa njia. Kilichokupaka mwili mzima au kilichokuzunguka pande zote, "in". Kilichorundikwa kwako, "with". Kilichotenda chenyewe kwa nguvu zake, "by". Kilicho juu ya kichwa chako, wewe uko "under". Njia hii inavuja kama bati langu, kwa sababu "covered with dust" nayo ni Kiingereza safi, lakini kwa Kidato cha Kwanza inatosha kuvukia.

Mvulana mmoja akasoma kwa sauti: "The man was drowned by the river."

"Nani alimzamisha?"

"Maji, Madam."

"Maji yana mikono?"

"Hapana, Madam."

"Basi mwache afe mwenyewe. The man drowned."

Wakacheka, lakini nadhani limeingia. Sisi wenyewe husema alikufa maji, hatusemi aliuawa na maji. Ukiandika "was drowned", msomaji wa leo anaweza kuanza kumtafuta muuaji.

Yule binti wa vumbi alikuwepo. Hakuongea kitu. Alipoondoka nikakuta kwenye karatasi yake: My mother was covered in dust. Chini yake kapiga mstari kwa rula.

Januari 12

"Snowed under" imenigomea. Maana yake kazi zimekurundikana mpaka huonekani. Mchoraji wangu, kijana wa Kidato cha Tatu, hajawahi kuona theluji, na mimi pia, ukiacha Kilimanjaro kwa mbali. Kachora mlima, chini yake mtu katabasamu. Nikamweleza: theluji haipigi kelele kama mvua juu ya bati. Unalala, inaanguka kimya, ukiamka mlango haufunguki. Ndivyo kazi za namna hii zinavyokuja, moja moja, hakuna inayotisha. Akafikiri kidogo, akachora meza ya mwalimu, madaftari yamepanda mpaka darini, na juu ya madaftari sehemu ya nywele zilizosukwa.

Nimeikubali, ingawa najua ananisema.

Januari 16

Mzee wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima tunamwita Babu, nimemkuta asubuhi kasimama chini ya kamba, mikono nyuma, anasoma kadi moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Maneno yote haya ni ya kuzama?"

"Ndiyo, Babu. Ya kuzama na kufunikwa."

"Umesahau moja."

"Lipi?"

"Unapolala."

Nilikuwa nimelisikia hilo siku nyingi, sikuwa nimelisikiliza. Wanasema tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, kilichopata jina kwa mikuyu iliyoota kingoni, akanasa kwenye tope, akaanza kudidimia. Waliomwona wakasema kwa Kigogo "idodomya", imezama. Hapo ndipo Dodoma. Na mimi nimepanga chumba Kikuyu.

Babu ana hadithi ya pili, na hiyo aliisimulia akiwa amekaa. Wenyeji waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala wote, wakabakiza mikia. Wahehe walipokuja kutafuta mali yao wakaonyeshwa kinamasi na mikia imechomoza juu ya tope. Tazameni, ng'ombe wenu wamezama. Idodomya.

"Ipi ya kweli, Babu?"

"Ya tembo tunawapa wageni," akasema. "Ya mikia ni yetu."

Mwaka jana nilifundisha "submerge" kwa kuchora nyambizi. Nyambizi, Dodoma! Mji ulishaandikwa neno hilo mlangoni, watoto wameliandika juu ya madaftari yao tangu darasa la kwanza, mimi nikaenda kuazima mfano baharini.

Nimekaa mchana kutwa na tembo yule. "Submerged" haimfai mpaka maji yampite mgongo. "Drowned" bado. "Sank" ni sawa. Lakini lipo linalomtosha kama kiatu chake: "mired". "Mire" ni tope. Na sisi kutopea kumetoka kwenye tope. Wao husema "mired in debt", sisi katopea kwenye madeni; tope lile lile, deni lile lile, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Katika kadi zote hii ndiyo pekee ambayo pande mbili zinalingana kabisa, na imetoka hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu.

Januari 20

Shule zimefunguliwa na sijamaliza. Neno kubwa nimeliacha mwisho kwa woga.

"Overwhelm". Lile "whelm" la ndani lilikuwa na maana ya kupindua, chombo kinageuka juu chini na maji yanapita juu yake. "Over" ikapachikwa juu ya kitu ambacho tayari kimepinduka. Kiswahili kinanipa kuzidiwa, kulemewa, kuelemewa, na ule usemi wa jikoni: maji yamezidi unga. Nikachora sufuria, mwiko umesimama, na ndani badala ya ugali kuna uji unaorusha matone. Watoto wa Kidato cha Kwanza waliopita jana hawakuuliza chochote, walicheka tu, mmoja akasema, "Hiyo ni sisi na fizikia."

Lakini kadi ina pengo. Maji yakizidi unga ni balaa tupu, wakati mtu anaweza kuwa "overwhelmed with joy". Hapo uji haufai. Furaha imemzidi, ndiyo, au furaha imemjaa mpaka kakosa la kusema. Nimegawa upande wa nyuma kwa mstari, shida kushoto, furaha kulia.

Nikapotea tena kwenye siasa. "Overwhelming victory" ni ushindi wa kishindo, na wanaye ndugu mwingine, "landslide", ambaye kwa herufi ni maporomoko ya ardhi: mshindani wao wamemfukia. Sisi tumechukua mlio tu. Aliye chini ya udongo hatukumtaja.

Engulf imechukua dakika tano. Moto umeimeza nyumba. Doa la bluu bado lipo.

Januari 24

Kadi thelathini na tatu. Arobaini haitafika na sioni haja. Saba zilizobaki ni "shroud", "cloak" na wenzao wa nguo, hao wana mradi wao siku nyingine. Shule moja ya karibu imeomba kuazima seti kwa wiki mbili, kwa hiyo lazima nitengeneze ya pili, safari hii kwa maka peni mwanzo mwisho.

Jioni nimehesabu kwenye kamba nikapata thelathini na nne. Ya ziada si mwandiko wangu. Ni kipande cha boksi la sabuni, kimekatwa kwa mkasi butu, kimechorwa tope na mikia mitano imesimama kama mabua ya mtama baada ya mavuno. Chini yake: Only the tails were not submerged. Mstari umepigwa kwa rula.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa. Alikuwa ameibana chini ya lile tundu la bati, nimeisogeza.